SAA YA MJOMBA NA SPEA ZISIZO ZAKE

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msomaji mpenzi, mimi nitakueleza habari ya kitu kilichojiuza vizuri sana katika duka moja la Dubai mwaka wa 2018, kikaja hadi Nairobi, kikakaa mkononi mwa mjomba wangu miaka sita kikimetameta, kumbe hakikuwa jinsi kilivyosifiwa. Kitu chenyewe ni saa ya mkono ya Rolex, ile iitwayo Datejust, iliyotengenezwa Uswisi miaka ya sabini. Nisidhaniwe kuwa najigamba, maana kwetu hakuna utajiri. Mjomba alikuwa dereva huko Uarabuni, na wenzake walimwambia kwamba saa ya namna hiyo ni akiba kama ng'ombe, siku ya shida unaiuza. Akatoa dirham 11,000, karibu laki tatu za hapa kwetu wakati huo, akapewa risiti yenye maneno matatu tu: saa moja, iliyotumika.

Shida ilifika mwaka wa 2024. Binamu yangu alipata nafasi katika chuo cha ufundi na karo ikatakiwa. "Basi," mjomba akasema, "siku ya kumuuza ng'ombe imewadia." Mnunuzi alipatikana upesi, bwana mmoja mfanyabiashara. Aliishika saa, akaiweka sikioni, akatabasamu, akasema atatoa shilingi 420,000. Alitaka jambo moja tu, kwamba saa isafishwe na kutiwa mafuta kwanza. Mjomba akaniambia nimpeleke kwa fundi mmoja mzee ambaye kibanda chake hakiko mbali na shule yetu. Nikatoka darasani saa kumi, tukaenda.

Tulimkuta mzee ameinama, lenzi imebanwa jichoni, mbele yake vibano na bisibisi nyembamba kama miiba ya mchongoma. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mjukuu wangu, leteni tuone." Hakuanza kwa kufungua mashine kama nilivyotarajia. Alianza kwa kuuondoa mkufu, kwa sababu katika saa hizi za zamani namba ya saa imechorwa ubavuni, mahali ambapo mkufu huingia, na huwezi kuiona hadi uutoe. Upande mmoja ni namba ya aina ya saa, nayo ilikuwa 1601. Upande wa pili ni namba ya saa hiyo peke yake, kama vile namba ya chesisi ya gari. Kutokana na namba hiyo akakadiria kuwa saa ilitoka kiwandani karibu mwaka wa 1974. Ndipo akafungua mgongo.

Nilisogea nikachungulia. Lo! Ndani ya kitu kile kidogo mlikuwa na gurudumu likienda mbele na nyuma kwa kasi ya ajabu. Mzee alituambia kuwa mashine hiyo, inayoitwa 1570, hupiga mara 19,800 kwa saa moja. Nikafanya hesabu kichwani, ni mara tano na nusu kwa kila sekunde, na ndiyo maana mshale wake wa sekunde hauruki kama wa saa za betri bali huteleza. Akakivuta kile kifungo cha pembeni cha kutilia ufunguo, mshale wa sekunde ukasimama. Akasema vizuri, mashine za aina hii zilianza kusimamisha sekunde miaka ya mwanzo ya sabini, kwa hiyo mashine na mwili wa saa vinaelewana. "Moyo ni wake," akasema. Mjomba akashusha pumzi. Kumbe alizishusha mapema.

Kabla ya siku hiyo nilidhani duniani kuna saa za aina mbili tu, halisi na bandia, yaani ile ya Uswisi na ile ya shilingi mia tano barabarani. La hasha! Katikati pana ngazi nyingi. Fikiria shati la mtumba. Likibadilishwa vifungo bado ni shati lile lile, na hakuna atakayekuita mwongo ukiliuza. Lakini likibadilishwa kola, kisha mikono, kisha mgongo, je, lile ni shati gani? Saa nayo ni hivyo. Kuna spea zilizozaliwa pamoja na saa. Kuna spea za kiwanda hicho hicho lakini zimewekwa baadaye wakati wa matengenezo. Halafu kuna spea za kampuni nyingine ambazo hazijifichi. Mtengenezaji anasema wazi kuwa springi hii au kioo hiki kinaingia katika Rolex, naye hajaandika jina la Rolex juu yake. Wale waliowahi kutumwa Kirinyaga Road kununua spea za gari wataelewa mara moja. Ziko nyingine ambazo ni za watu wengine lakini zimepigwa chapa ya taji ili zionekane za Rolex, na hizo ndizo ghushi zenyewe. Na mwisho, jambo ambalo sikulifikiria kabisa, iko spea iliyo halisi kisha ikachezewa.

Hapo mwisho ndipo uso wa saa ya mjomba ulipoangukia.

Mjomba alikuwa na mchezo mmoja aliopenda kutuonyesha. Usiku umeme ukipotea, alikuwa akinyoosha mkono gizani na mishale ya saa yake ikawaka kijani kama kimulimuli, na sisi tukashangilia. Tuliona huo ndio ushahidi wa saa bora. Yule mzee alipoambiwa habari hiyo alicheka hadi lenzi ikamdondoka. Akatuonyesha maandishi madogo mno chini ya uso wa saa, T SWISS T. Herufi T ni ya tritiamu, ambayo Waswisi waliitumia kufanya mishale ing'ae gizani hadi miaka ya tisini. Sasa ninyi wenzangu mnaopenda fizikia nifuateni. Tritiamu ina mnururisho, na nusu yake hupotea kila baada ya miaka 12.3 hivi. Saa ya mwaka wa 1974 ikifika 1986 imebaki na nusu, halafu robo, halafu moja ya nane, na ikifika 2024 imebaki na kama moja ya kumi na sita tu ya nguvu zake. Hata ule unga unaogeuza mnururisho kuwa mwanga nao huchakaa. Kwa hiyo saa hiyo, kama uso wake ungekuwa wa asili, ilipaswa kuwa kipofu gizani! Iliwaka kwa sababu kuna mtu aliyekwangua rangi ya zamani akapaka uso upya, akaandika maneno yote tena, hata ile T SWISS T, kisha akatia rangi ya kisasa inayokunywa mwanga wa taa na kuutoa gizani. Kile tulichokishangilia miaka sita ndicho kilichoshtaki.

Mzee alitupa lenzi tuangalie wenyewe. Herufi zilikuwa nene kidogo, na wino ulikuwa umemwagika pembeni mwa R kama mwandiko wangu wa darasa la pili. (Katika kupita niseme kwamba saa za zamani zaidi ya hizo zilipakwa radiamu, nayo iliwaua wasichana wa viwandani huko Marekani kwa kuwa walichonga ncha za brashi kwa midomo. Saa ya babu yako ikiwa na rangi ya namna hiyo usiikwangue nyumbani.)

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Ile pete yenye mikunjo inayozunguka kioo, ambayo kwenye 1601 huwa ya dhahabu nyeupe, aliibandua tukakuta kutu ya kijani chini yake. Ilikuwa shaba iliyopakwa. Kioo kilikuwa cha kampuni nyingine, na ile lenzi ndogo juu ya tarehe ilikuza kidogo tu, ilhali ya Rolex hukuza mara mbili na nusu. Kifungo cha kutilia ufunguo kilikuwa na chapa ya taji, lakini taji lenyewe lilikuwa limepinda kama sega la jogoo mgonjwa, na mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umekauka ukakatika. Mkufu nao haukuwa wa Rolex. Mjomba aliketi kimya. Mimi nilitazama chini.

Sasa swali. Je, mambo haya hutokeaje? Si wote waliobadilisha spea ni wezi. Saa ya namna hii huishi kuliko mwenyewe. Kila baada ya miaka kadhaa inahitaji kufunguliwa, na kila inapofunguliwa kuna kitu kimekwisha. Lakini viwanda vikubwa vya Uswisi haviuzi spea kwa kila fundi. Huziuza kwa mafundi wao na wale waliowaidhinisha. Mafundi wa Ulaya walilipeleka jambo hilo mbele ya Tume ya Umoja wa Ulaya, nayo ikayakataa malalamiko yao mwaka wa 2014, na mwaka wa 2017 mahakama ya umoja huo ikakubaliana na Tume. Ikiwa fundi wa Ulaya amenyimwa, fundi wetu wa kibandani afanyeje? "Nikiandika barua Geneva kuomba kifungo kimoja," mzee alisema, "nani atanijibu?" Basi hutia alichonacho ili saa itembee, na hapo hakuna kosa, mradi aseme. Kosa huzaliwa saa inapouzwa na hakuna anayesema.

Kisha wako wale ambao kwao hii ni biashara kamili. Hapa nina kisa ambacho si cha mjomba, bali cha watu wakubwa sana. Mnamo Novemba 2021, huko Geneva, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza saa ya Omega, Speedmaster ya mwaka wa 1957. Ilitarajiwa kupata faranga za Uswisi 80,000 hadi 120,000. Ilipata zaidi ya milioni tatu! Na mnunuzi hakuwa mwingine ila Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka wa 2023 ikafichuka kuwa saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa spea zilizokusanywa kutoka saa mbalimbali, na Omega ikasema watu watatu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika. Wazungu wana jina la saa kama hiyo, huiita Frankenstein, kama lile zimwi la kitabuni lililoshonwa kwa viungo vya maiti wengi. Ajabu ni kwamba spea nyingi zilikuwa za Omega kweli. Kila kiungo halisi, mwili mzima uongo. Mwenye kiwanda akidanganywa kwa saa ya kiwanda chake, mimi sioni haya tena kusema kuwa mjomba wangu alidanganywa.

Basi ukijikuta na saa ya namna hiyo ufanye nini? Mjomba alitaka jibu moja, itupwe au iuzwe. Mzee akamwambia kuna maswali mawili tofauti na watu huyachanganya. La kwanza, je, spea hii inaiumiza saa? La pili, je, spea hii inamdanganya mtu? Mara nyingi majibu yake hayafanani. Uso uliopakwa upya hauiumizi saa hata kidogo, saa itatembea nao miaka mia, lakini ndio unaokula bei kuliko kitu kingine, kwa sababu wakusanyaji wa saa hununua uso kwanza. (Mwaka wa 2017 Rolex ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Saa za aina hiyo zenye uso wa namna ile hugharimu mara nyingi kuliko ndugu zake zenye uso wa kawaida, na mashine ni ile ile.) Kwa upande mwingine, ule mpira uliokatika hakuna mnunuzi atakayeuuliza, na bei yake ni ya soda chache tu, lakini ndio ungeiua saa. Maji yangeingia siku moja mjomba akiosha gari, na mashine ile tuliyoistaajabia ingeota kutu.

Kwa hiyo mzee alianza na mpira. Kifungo nacho akakitoa, akatia kingine kisicho cha Rolex lakini kisicho na taji la uongo, kinachokaza vizuri. Kioo alikiacha. Alisema kioo cha plastiki ni kama tairi, huchakaa na kubadilishwa, asikudanganye mtu. Uso aliuacha vile vile pia. Hapo mjomba alibisha kidogo, akauliza kwa nini tusitafute uso halisi tuuweke. Mzee akasema uso halisi wa zamani ni ghali, wauzaji wake wengi ni wale wale wanaopaka, na isitoshe ukiutoa kwenye saa nyingine umeshaanza kushona zimwi lako mwenyewe. Pete halisi ya dhahabu ingemgharimu mjomba zaidi ya shilingi 50,000, basi ikaachwa. Kuipeleka saa kwa Rolex nako kuna mashaka yake. Wao hawafanyi kazi na spea zisizo zao, wakiziona watataka zitolewe zote na ziwekwe zao kwa bei yao, la sivyo watakurudishia saa yako kama ilivyokuja. Kwa saa ya bei kubwa sana yafaa. Kwa hii ya mjomba, matengenezo yangemeza karo.

Jambo jingine ambalo mzee alilisema kwa ukali, nami nalikazia hapa kwa kuwa wengi wetu hatulijui, ni kwamba fundi akibadilisha kitu katika saa yako, mwombe akupe kile alichokitoa. Hata kama kimechakaa, kiweke katika bahasha pamoja na saa. Mwenye saa ya mjomba wa zamani huko, yeyote aliyekuwa, alikuwa na uso halisi uliofifia na pete ya dhahabu iliyokwaruzika. Akaona aibu ya uzee wa saa yake, akataka ing'ae. Pete sijui ilienda wapi. Uso ukakwanguliwa. Alilipa pesa ili apunguze mali yake, masikini.

Na sheria je? Hapa Kenya tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inayotaka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Tunayo pia Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya mwaka wa 2008. Lakini mjomba alinunua ng'ambo, miaka sita ilikuwa imepita, na risiti yake haikueleza lolote. Haikusema uso ni wa asili, haikusema pete ni dhahabu, haikutaja hata namba ya saa. Maneno matamu yote yalisemwa kwa mdomo. Ukinunua kitu kama hicho, maneno ya mdomo yaandikwe, na kama muuzaji anasita kuandika "uso wa asili" hapo umeshapata jibu bila lenzi. Hata Rolex wameona tatizo hili, maana tangu Desemba 2022 wameanza kuzithibitisha wenyewe saa zao zilizotumika zinazouzwa na mawakala wao.

Tuliporudi nyumbani jioni hiyo mjomba hakula. Alisema, "Mpwa wangu, yule bwana hakuuliza kitu. Alitaka isafishwe, imesafishwa. Mbona mimi sikuambiwa Dubai?" Sikuwa na jibu, na mtoto hamfundishi mkubwa wake. Mama ndiye aliyesema, naye hakusema mengi: "Kaka, je, yule bwana akimpelekea mzee yule yule?" Mjomba akanyamaza. Mimi kwa kweli nilifikiria karo ya binamu yangu, na sitasema uongo hapa, kulikuwa na dakika nzima niliyotamani mjomba anyamaze daima.

Kesho yake akanituma kwa mzee kumwomba aandike. Mzee aliandika kwa kalamu ya wino, mstari kwa mstari: mwili halisi, mashine halisi, uso umepakwa upya, pete si dhahabu, kioo na kifungo na mkufu vya kampuni nyingine, mpira mpya. Akatia sahihi.

Yule mfanyabiashara aliisoma karatasi mara mbili, akasonya, akaondoka. Mjomba akasema ndiyo basi. Baada ya siku tisa akarudi. Alisema alikuwa amekwenda kuangalia saa nyingine mbili mjini, akawataka wenye nazo wamwandikie karatasi kama ile, na hakuna aliyekubali. Walivutana bei tangu chai ya saa kumi hadi maghribi, wakakubaliana shilingi 265,000. Mjomba alipata hasara kuliko alivyonunua, lakini karo ya mwaka wa kwanza ilitosha na ya pili karibu nusu. Karatasi ya mzee ilikwenda pamoja na saa. Nakala nilienda kuitoa mimi dukani kwa shilingi kumi, na mjomba ameihifadhi ndani ya Biblia yake pamoja na ile risiti ya Dubai.